Baba Karudi Ziara? Mpe Jembe Siku Ile Ile

Sehemu ya 6 leo ni ya wale ambao waume zao ni wanamuziki. Si taarabu na dansi tu jamani, kuna wanaopiga panki ya hadikoo, ule muziki wa kasi na makelele. Hata Nairobi kina Duma walitoa albamu mwaka 2020. Ziara za kazi hiyo ni wiki nyingi, mtu analala alfajiri, anaamka mchana.

Sasa anarudi. Mtoto wa miezi 8 akimwona analia, anakung'ang'ania wewe. Usiseme "kamkataa baba yake." Kuanzia kama miezi 6 mtoto huanza kuogopa sura asiyoizoea. Ni hatua ya ukuaji, si chuki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nasema huyu si mgeni, mpe siku ile ile: nepi, kuogesha, kulisha uji. Wewe kaa karibu, na yeye asimnyakue mtoto kwa nguvu. Kwa kazi hizo ndogo za kila siku mtoto atamzoea tena. Ukimwacha alale wiki nzima "kwa sababu kachoka", wewe uliyekesha peke yako utapumzika lini?

Na masikio: WHO wanashauri sauti ukumbini isizidi wastani wa desibeli 100. Mlio masikioni ukidumu siku kadhaa, aende akapimwe. Mtoto naye asipelekwe mazoezini kabisa!

Kesho: mtoto asiyelala usiku.