Baragumu Kabla ya Moshi

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza eneo la Whona, pale wapanda mlima wa njia ya Marangu wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Usiku tuliokuwa chini tuliuona: mstari mwekundu umelala kwenye bega la Kilimanjaro kama kovu. Tulitoka uani na simu mkononi. Tukapiga picha, tukazirusha kwenye magrupu ya ukoo, mmoja akaandika "mlima unaungua jamani", mwingine akajibu kwa alama ya mikono inayosali. Kisha tukarudi ndani kula. Nami nilirudi ndani kula.

Ndugu zangu wa Rombo, Mwika, Mamba, Marangu, Kilema, Kirua, Old Moshi, Uru, Kibosho, Machame, Masama na Siha, nawaandikia kwa sababu ya chakula kile. Wakati tukikila, wengine walikuwa juu: askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, vijana wa Chuo cha Mweka, wapagazi tunaowaita wagumu, waliotua mizigo ya wageni na kushika matawi, na wananchi waliopanda bila kuitwa na mtu. Walikuwa mamia. Walipofanikiwa kuushika, zilikuwa zimeungua kilomita za mraba zipatazo 95. Miaka miwili baadaye, Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga, kwenye mita kama 4,000, na safari hiyo serikali ikapeleka hadi wanajeshi. Mara zote mbili ilikuwa Oktoba. Kiangazi kimefika ukingoni, vuli haijashuka, nyasi zimekauka hadi zinalia zikikanyagwa.

Sisi tuna neno msaragambo na hatuhitaji kufundishwa maana yake. Mfongo, mfereji wetu wa maji, unapoziba, baragumu linapulizwa alfajiri, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na asiyefika anatozwa faini. Babu zetu walichimba mifongo kwenye kingo za mabonde ambazo ukizitazama leo unajiuliza walisimama wapi. Hawakungoja mradi wala mfadhili. Ninachoomba ni kwamba kazi hiyohiyo, kwa utaratibu uleule, ipande juu kidogo kutoka kwenye banio la mfongo hadi kwenye ukingo wa msitu, na ifanyike Julai, kabla hakijanuka kitu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo tunapodanganyana. Kwa miaka mingi dunia imetulilia barafu ya kilele cha Kibo, na ni kweli inayeyuka. Lakini maji tunayokunywa na kumwagilia hayatoki sana kwenye barafu. Yanatoka msituni. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeutembea mlima huu miaka mingi kuliko wengi wetu tuliozaliwa chini yake, aliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto ulikuwa umekula kama kilomita za mraba 150 za msitu wa juu. (Ndiye pia aliyetuonyesha kwamba mti mrefu kuliko yote ya asili iliyopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, umejificha kwenye bonde la huku kwetu. Tumelala nao jirani, hatukuujua.) Huko juu kuna mierika, miti yenye majani membamba kama sindano, imefunikwa kuvumwani na ndevu za kijivu. Ukungu unapopita, sindano na ndevu zile zinauchuja, matone yanadondoka mchana na usiku hata siku isiyo na mvua. Hemp alipiga hesabu kwamba kwa kuungua miti hiyo mlima ulikuwa umepoteza maji ya ukungu mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, sawa na maji ya kunywa ya watu milioni moja wa Kilimanjaro. Hesabu hiyo ni ya kabla ya Whona na kabla ya Karanga.

Kwa hiyo mama wa Uru anapokuta bomba limekauka Januari, na mkulima wa mpunga kule Lower Moshi anapogombania zamu ya maji usiku wa manane, wanadai deni la moto ambao hawakuuona. Maji hayahaya ndiyo yanayojaza Nyumba ya Mungu na kuteremka Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale.

Sasa moto wenyewe. Wenzetu wa misitu wanauita moto kichaa, lakini una tabia, na anayezijua hafi kizembe. Mchana upepo unapanda mlima, na ndimi za moto zinakausha kilichoko juu yake kabla hazijakifikia, kwa hiyo moto unakimbia kupanda kuliko mtu. Usiku hewa baridi inashuka, moto unalegea, na hapo ndipo watu wanaweza kuukaribia. Gari la zimamoto halifiki huko. Maji unayabeba mgongoni, na mgongo mmoja unabeba kidogo. Silaha kubwa ni ukanda uliofyekwa na kukwatuliwa hadi udongo uonekane, upana wa mita kadhaa, ili moto ufike ukose cha kula. Ukanda huo ukichimbwa Oktoba moto ukiwa unakuja, unachimbwa kwa hofu, na mara nyingi mahali pasipofaa. Ukichimbwa Julai, unachaguliwa: kwenye mgongo wa kilima, kando ya njia, pale upepo unapopungua.

Na kuna moto usioonekana. Chini ya mierika kuna tabaka nene la majani yaliyooza, kuvu na mizizi, linaloweza kufuka polepole kama kinyesi cha ng'ombe kilichowashwa kufukuza mbu. Juu unaona majivu, unashangilia, unapiga picha ya ushindi, unashuka. Siku ya pili upepo unavuma na moto unaibuka nyuma yako. Kuzima maana yake ni kubaki: kupita hatua kwa hatua na mgongo wa mkono karibu na ardhi, penye joto pachimbuliwe, pamwagiwe, pachimbuliwe tena. Kazi hii haina sifa na ndiyo inayokosa watu kuliko zote.

Ninachopendekeza hakihitaji Bunge. Kila kijiji kinachopakana na msitu kiwe na kikosi cha watu ishirini wanaojulikana kwa majina na simu zao, na stoo ndogo ofisini kwa mtendaji yenye mapanga, majembe, reki za chuma, mafyekeo, msumeno na mabuti. Mabomba ya kupulizia kahawa tunayo tayari, yametundikwa ukutani yanangoja msimu. Kila moja linabeba lita 15 au zaidi. Yaoshwe dawa vizuri, yajazwe maji, yanafaa kabisa kwa moto mdogo. Kikosi kipewe mafunzo na Zimamoto na KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro, maana huko juu kuna baridi na hewa nyepesi, na ujasiri wa kandambili na fulana ya nailoni inayoyeyukia mgongoni tumeuona, hautusaidii. Watoto wasipande. Anayeuona moto kwanza apige 114, amwambie mwenyekiti wa kitongoji, halafu picha ya grupu la ukoo ifuate baadaye.

Najua jibu litakalotoka nyuma ya mkutano, kwa sauti ya chini: huo msitu si wao? Waulinde wenyewe. Tuseme wazi jambo hili, maana tusipolisema litakaa katikati yetu. Nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, ilitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia msitu mkubwa. Mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na hifadhi ya taifa, na tangu hapo wengi wana kinyongo: mama anakimbizwa na mzigo wa majani ya ng'ombe mahali bibi yake alipokata kwa amani. Kinyongo hicho kina sababu, na kinastahili kikao chake, chenye wakuu wa hifadhi mezani. Ila kiangazi hakingoji kikao kiishe. Tena nitasema kwa faida yetu: kijiji kilichofyeka ukanda wake na kulala juu usiku tatu wakati wa moto kitaingia kwenye kikao hicho kikiwa na neno zito zaidi kuliko kijiji kilichokaa uani na simu. Ndani ya hifadhi hatuingii bila kibali, kwa hiyo serikali za vijiji ziandike barua mapema, Aprili au Mei, na hifadhi nayo ijibu mapema.

Chanzo cha moto nacho tusikitupie watu wa mbali tu. Taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mwaka 2020 zilitaja wagumu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Wagumu hao ni wadogo zetu na watoto wa shangazi zetu, wanapanda na kilo ishirini kichwani kwa malipo tunayoyajua. Anayewaajiri awape jiko salama na muda wa kulizima, nao wakubali kwamba kaa lililofukiwa kwa majani halijazimwa. Kisha wapo warina asali wanaopanda na mienge ya moto. Asali ya mlimani ni tamu, sibishi, lakini bomba la moshi la kufukuzia nyuki lipo, na vikundi vya wafugaji nyuki vinaweza kulinunua kwa kuchangishana. Wapo wanaochoma shamba ili lisafike, na wapo wanaochoma tu ili majani mapya yachipue. Tunawafahamu. Tunakaa nao kanisani na msikitini, tunawalinda kwa kunyamaza.

Nihamie kwenye baada ya moto, ambako huwa tunakosea kwa nia njema. Mlima ukiungua, wiki inayofuata kunatokea sherehe ya kupanda miti. Mgeni rasmi, mche mmoja, ndoo ya maji, kamera. Miche yenyewe mara nyingi ni ile iliyopatikana, mikaratusi au misonobari, inayokunywa maji tuliyokuja kuyaokoa. Ndani ya hifadhi huko juu hatuna haja ya kupanda chochote. Sehemu ya mierika huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi, upepo unazipeleka. Kinachoiua ni moto wa pili. Ikiungua tena kabla haijakomaa inabaki vichaka, ikiungua tena na tena yanabaki majani, na majani ndiyo yanayowaka upesi kuliko yote. Eneo lililoungua linahitaji mlinzi kwa miaka, wakati kila mtu ameshasahau. Hapo ndipo msaragambo wa kila Julai unapofanya kazi kuliko miche elfu kumi.

Chini zaidi, kwenye nusu maili na kwenye vyanzo vyetu, mambo ni tofauti, mikono inatakiwa. Mvua ya kwanza baada ya moto ndiyo ya kuogopa. Udongo uliokaangwa haunywi maji, yanateleza juu yake na kubeba majivu hadi kwenye mfongo. Kabla ya vuli tulaze magogo na matawi yaliyoungua kukingama mteremko, tuyafukie nusu ili yashike udongo. Vijikorongo vinavyoanza vizibwe kwa mawe vikiwa bado na kina cha goti. Mabanio yasafishwe. Ng'ombe na mbuzi wafungwe ndani hadi ardhi ishike majani, na hili ni gumu, kwa sababu majani lazima yatoke mahali, kwa hiyo walio na migomba mingi na mabingobingo wawakatie wasio nayo. Kwenye chemchemi tupande miti inayojua mahali pale: mkuyu, mringaringa, msesewe. Msesewe unapenda kando ya mito, na wazee wataniunga mkono kwamba bila magome yake hakuna pombe ya mbege ya maana. Kila mche upewe kaya yenye jina, na kaya hiyo iulizwe Desemba.

Nimetaja Desemba makusudi. Ndugu zangu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nje ya nchi, mnarudi Krismasi na magari yanajaa barabara kuanzia Same hadi Himo. Mnachinja, mnajenga, mnaozesha. Tunawafurahia kweli. Sasa tengeni asubuhi moja, kati ya tarehe 27 na 30, mje na watoto wenu mkague ukanda wa kijiji na miche ya chemchemi. Watoto hao wanaujua mlima kwenye chupa ya bia na kwenye kalenda, wapandishwe hadi kwenye kingo za msitu wauguse. Na harambee ya ukoo mwaka huu, kabla haijafika kwenye geti la makaburi, inunue jozi ishirini za mabuti.

Kwa kuanzia, wenyeviti wa vitongoji waitishe mikutano Machi, kabla masika hayajatufungia ndani, majina ishirini yaandikwe kwenye daftari, kisha barua ya kibali ifuate Aprili au Mei. Jumamosi ya kwanza ya Julai baragumu lipulizwe saa kumi na moja alfajiri, kote, kuanzia Rombo hadi Siha. Njoo na panga, jembe, koti zito na maji yako ya kunywa. Usije na kiberiti. Tutafyeka hadi saa nane mchana, kisha tutashuka. Mbege itakuwepo, na kwa wasiokunywa, chai ya maziwa na ndizi.