Pete ya Posa Si Akdi

Ndugu Waislamu, dhahabu ya Geita i jirani nasi hapa Mwanza, na baadhi ya vijana wanaopeleka posa hudhani kuwa pasipo wachumba wote wawili kuvaa pete zake, uchumba haujatimia. Tuangalie mambo mawili.

Kwanza, dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) aliivua pete ya dhahabu mkononi mwa mtu akaitupa. Yeye mwenyewe alivaa pete ya fedha, akaitumia kuwa muhuri wa barua zake. Basi fedha yaruhusiwa. Bali kuitakidi kuwa pete ndiyo inayofunga mapenzi hakuna asili.

Pili, posa ni ahadi tu. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa isiyofungwa. Kabla ya akdi mchumba angali ajnabia. Kumshika mkono ili kumvisha pete mbele ya wageni hakujuzu.

Enyi wazazi, Mtume (S.A.W.) alimtaka sahaba fukara atafute mahari japo pete ya chuma. Msiwacheleweshe vijana kuoa kwa ajili ya dhahabu.

Wabillahi tawfiq.