Malaria Hakuna, Basi Ulizeni Habari za Ng'ombe

Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro

Ndugu Mganga Mkuu,

Huku kwetu Mwika homa ikipita wiki, mgonjwa anajua atakachoambiwa kabla hajafika dirishani. Malaria ikikosekana, ni taifodi. Kama si taifodi, ni UTI. Anachomwa sindano, anarudi nyumbani na homa yake.

Mama yangu mdogo alipitia hayo. Usiku jasho likiloanisha shuka, kiuno kikiuma hata jembe halishikiki, homa ikipanda jioni na kushuka asubuhi. Alimeza dawa mseto ya malaria, akameza na dawa za taifodi. Hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe wake wa bandani, aliyekuwa ametupa mimba. Ndama mfu alimvuta yeye mwenyewe kwa mikono mitupu, kondo la nyuma akalifukia chini ya mgomba. Ilikuja kuonekana baadaye, mjini, kwamba ni brusela, ugonjwa aliouambukizwa na ng'ombe huyo.

Wala si jambo geni mkoani kwako. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Homa iliyosababishwa na malaria kweli ilikuwa ya wagonjwa 14. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama yalikutwa kwa watu 118, miongoni mwao homa ya mgunda (leptospirosis) 40, homa za riketsia ziletwazo na kupe 36, homa ya Q 24, brusela 16. Matokeo yalichapishwa 2013. Taifa lilishtushwa na homa ya mgunda mwaka 2022 ilipoua watu Lindi; Moshi ilikuwa imeshaandikwa.

Nani ashangae? Kihambani mtu, ng'ombe, mbuzi, panya wa stoo na maji ya mfereji wa mfongo vinaishi pamoja, na mtindi wengi wetu tunaugandisha bila kuchemsha maziwa. Sisemi tuache kufuga. Bei ya kahawa ilipoanguka, maziwa ndiyo yaliyolipa ada za watoto.

Kinachouma ni kwamba doksisaiklini, dawa ya bei nafuu, inatibu homa ya mgunda, riketsia na homa ya Q. Brusela inaitaka pamoja na dawa nyingine, kwa wiki sita. Sindano ya seftriaksoni wanayochomwa watu kila uchao haiponyi riketsia wala homa ya Q. Na kipimo cha Widal, kinachogawa taifodi kijiji kizima, hakifai kuaminiwa peke yake.

Tunaomba kila zahanati imuulize mwenye homa: unafuga? Mnyama ametupa mimba? Maziwa mnachemsha? Afisa mifugo wa kata anapoambiwa ng'ombe wametupa mimba, mganga wa zahanati naye apewe taarifa siku hiyohiyo. Makohozi ya kifua kikuu husafirishwa kwenda maabara kubwa. Damu ya mtu mwenye homa isiyokwisha nayo isafirishwe. Utujibu hadharani ni lini utaratibu huo utaanza.

Mfugaji, Mwika