Maua Yafike Yangali Mabichi

Juma hili ukurasa wetu unaelekea Muganza, wilayani Rusizi, kusini-magharibi ya Rwanda, kwa ajili ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la matajiri wa mijini: kupelekeana maua. Muganza imo katika bonde la Bugarama, nchi ya mpunga na joto, iliyo chini kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda, yapata mita 950 tu juu ya usawa wa bahari. Hapo mto Rusizi huteremka kutoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika, Kongo ikiwa ng'ambo na Burundi ikiwa jirani. Wakoloni waliufanya mto huo kuwa mpaka wao kwa mapatano ya mwaka 1910, lakini watu wa kando zake hawakuacha kuvuka kwenda kununua na kuuza, na Kiswahili husikika sana huko hata leo. Tangu mwaka 1984 bonde lina pia kiwanda cha saruji cha Cimerwa, na penye mishahara, ndugu zangu, hapakosi harusi.

Mwenye harusi akitaka mawaridi, aghalabu huyaagiza mbali. Shamba mashuhuri la mawaridi nchini Rwanda liko Gishari, wilayani Rwamagana, upande wa mashariki, na hasa hulima kwa ajili ya soko la Ulaya. Ua hilo huvuka nchi nzima na msitu wa Nyungwe, kisha huteremka ghafla kwenye joto la bonde. Bibi arusi hupokea vichwa vilivyoinama. Kwa maoni yangu, gharama hiyo haina maana yoyote mahali ambapo udongo, maji na jua vinapatikana uani.

Lakini harusi huweza kuvumilia maua yaliyonyauka, maana watu watacheka na kucheza. Kuna siku isiyovumilia. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, Rwanda huwakumbuka waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mashada huwekwa makaburini, na kwa kuwa wengi walitupwa mitoni na maziwani, wako jamaa ambao kaburi lao ni maji, nao huyatia maua majini. Siku hiyo haiahirishwi, wala mfiwa hawezi kuambiwa kwamba gari limekwama njiani kwa mvua za masika. Kwa hiyo muuza maua aliye karibu, anayetimiza ahadi yake, ni mtu wa maana sana katika mji mdogo.

Mama mwenye nafasi ya matuta mawili aweza kuianza kazi hii. Apande zinia, alizeti na kana, ambazo haziogopi joto, na asumini penye ukuta. Hapo tujifunze kwa wenzetu wa Unguja na Lamu: asumini huchumwa jioni ingali vikonyo vilivyofumba, ikatungwa, ikauzwa, na kufunguka usiku huohuo kwa mnunuzi. Biashara yao husimama kwa sababu ua haliendi mbali.

Zinia hukatwa likiwa limekwisha kufunguka, na shina lake gumu. Ukilitikisa likalegea kama uzi, liache. Waridi hukatwa lingali tumba linaloanza kufumbuka. Kata alfajiri, kwa kisu kikali, mshazari, ukalitie papo hapo katika ndoo safi ya maji. Ondoa majani yote yatakayozama, kwani huoza na kuyachafua maji. Acha maua yanywe kivulini kwa saa mbili tatu kabla ya safari.

Sasa safari yenyewe. Upepo wa pikipiki hukausha ua upesi kuliko jua, basi zungushia mashina kitambaa kilicholoweshwa, kisha funika shada zima kwa jani la mgomba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja. Jani la mgomba halina kesi. Lakini usikubali hata kidogo maua yapakiwe pamoja na ndizi mbivu! Ndizi ikiiva hutoa hewa isiyoonekana inayozeesha maua, yakapukutika kabla ya kufika. Mwulize dereva amebeba nini kingine. Pokea sehemu ya malipo mapema, nawe uandike jina la nyumba, siku na saa.

Na shada la kutiwa mtoni lifungwe kwa ukambaa wa mgomba peke yake. Waya, sponji na utepe wa nailoni vibaki nyumbani, maana mto hupita mashambani na vijijini, na maji yake yana watu huko chini.