Handaki la Wakati: Mbona Bado Linatuvuta?

Leo tuziweke kando kidogo habari za siasa na bei ya mafuta, tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaweza kuonekana la upuuzi. Nalo ni filamu ya mfululizo ya televisheni ya Marekani iliyodumu msimu mmoja tu kisha ikafutwa. Sisi Waafrika Mashariki kadhaa tunaoishi hapa Overport, mjini Durban, tuliipata kwa mwenzetu aliyenunua diski zake zikiwa zimeshatumika, tukaitazama usiku baada ya usiku hadi kipindi cha mwisho, na kila mmoja wetu akaondoka na lake moyoni.

Filamu yenyewe inaitwa The Time Tunnel, yaani Handaki la Wakati. Mtengenezaji wake ni Irwin Allen, na shirika la televisheni la ABC lilianza kuionyesha mwezi Septemba 1966. Ilipofika Aprili 1967, baada ya vipindi 30, ikawa imekwisha.

Kisa chake ni hiki. Serikali ya Marekani imejenga maabara ya siri chini ya jangwa la Arizona, na ndani yake mna handaki la kumpeleka mtu katika zama zilizopita au zijazo. Seneta mmoja anakuja kukagua na kutishia kwamba fedha zitakatwa. Mwanasayansi kijana, Tony Newman, anayechezwa na James Darren, anajitosa handakini kabla mtambo haujakamilika, ili athibitishe kuwa unafanya kazi. Anatua juu ya meli ya Titanic mwaka 1912. Mwenzake Doug Phillips, anayechezwa na Robert Colbert, anamfuata kwenda kumwokoa. Kuanzia hapo wawili hao wanatupwa kutoka zama moja hadi nyingine: leo Troy, kesho Jericho, keshokutwa Krakatoa mlima unapokaribia kulipuka. Waliobaki maabara wanawaona kwenye kioo, wanawasikia wakizungumza, lakini kuwarudisha nyumbani hawawezi.

Tuwe wakweli, si filamu isiyo na kasoro. Wagiriki wa kale wanazungumza Kiingereza cha Kimarekani bila kigugumizi. Vita na meli nyingi unazoziona zimekatwa kutoka filamu za zamani za kampuni hiyo hiyo ya Hollywood. Vipindi vya mwishoni vinaanza kuleta viumbe wa sayari nyingine, na hapo utamu wa historia unapungua. Ama Afrika, inaguswa kwa ncha ya kidole tu: mara moja maharamia wa pwani ya kaskazini, na mara nyingine Sudan ya mwaka 1883, ambako hao viumbe wa angani wanapewa nafasi kubwa kuliko Wasudani wenyewe. Handaki liliwafikisha kwenye vita vya Little Bighorn vya mwaka 1876, ambako Wahindi Wekundu walilishinda jeshi la Marekani. Halikuwafikisha Isandlwana, katika mkoa huu huu tunaoishi, ambako miaka mitatu baadaye, Januari 1879, Wazulu walilishinda jeshi la Uingereza.

Basi, ikiwa kasoro ni nyingi kiasi hicho, kwa nini bado inatuvuta?

Jibu la kawaida ni kwamba mwanadamu anapenda ndoto ya kurudi nyuma akarekebishe alipokosea. Jibu hilo halitoshi. Katika filamu hii hakuna kinachorekebishwa. Tony anamwambia nahodha wa Titanic kwamba meli itagonga barafu na kuzama, nahodha haamini, na meli inazama. Wiki baada ya wiki mambo yanakwenda vivyo hivyo: msafiri anajua kitakachotokea, anapiga kelele, na yaliyokwishaandikwa yanabaki yameandikwa. Anayetafuta faraja ya kurekebisha makosa hataipata hapa.

Sisi tunaamini kinachovuta ni kile chumba cha maabara. Yule daktari wa kike, Ann MacGregor, anasimama mbele ya kioo, anamwona mwenzake anavyoteseka, anamwita, pengine sauti inafika na pengine haifiki, na mkono wake hauwezi kuvuka. Mmoja wetu alipoona picha hiyo alisema polepole: "Huyo ni mama."

Wote tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Sisi ndio tuliotupwa handakini, na walio nyumbani ndio wanaotutazama kwenye kioo. Mwezi Aprili 2015, wageni walipokuwa wakifukuzwa na kupigwa katika vitongoji vya Durban, jamaa zetu wa Bujumbura, Bukavu, Tanga na Mombasa waliyaona yote kwenye televisheni. Mwezi Julai 2021, maduka ya mkoa huu yalipoporwa na kuchomwa moto, walituona tena. Mwezi Aprili 2022 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 hapa KwaZulu-Natal, na simu zikalia usiku kucha: "Mwanangu, maji yamefika huko kwenu?" Walituona, walitusikia, lakini kutuvuta hawakuweza.

Na kioo hicho kinatazamwa kutoka pande zote mbili. Wangapi miongoni mwetu wamezika wazazi wao kupitia simu ya mkononi? Umesimama jikoni, umevaa nguo za kazi, unaona jeneza linashushwa, mtandao unakatika, picha inaganda, na ukirudi watu wameshaanza kutawanyika. Waandishi wa mwaka 1966 walidhani wanabuni jambo la ajabu. Leo ni maisha ya kawaida ya nusu ya majirani zetu.

Kuna jambo la pili. Anayeondoka kwao huacha mahali, na huacha pia wakati. Mwaka ambao filamu hii ilianza kuonyeshwa, Nairobi na Kampala zilikuwa tayari na televisheni, lakini Dar es Salaam haikuwa nayo, wala Durban haikuwa nayo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa isiyoendana na nchi maskini, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Serikali ya makaburu, pamoja na utajiri wake wote, iliogopa yale ambayo watu wangeyaona, na ikachelewesha hadi Januari 1976. Kwa hiyo mzee wa Durban na mzee wa Dar es Salaam waliikosa The Time Tunnel mwaka mmoja kwa sababu mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Tunasema haya kwa kuwa mhamiaji hubeba nyumbani kwake kama palivyokuwa siku aliyoondoka. Tunaye mwenzetu aliyezamia meli mwaka 1998. Dar es Salaam ya kichwani mwake haina mabasi ya mwendokasi, na Kigamboni hufikiwa kwa pantoni tu, kwa sababu daraja lilifunguliwa mwaka 2016 na yeye hajaliona. Akituma fedha za kujengea, anakasirika kuambiwa bei ya saruji, maana hesabu zake ni za mwaka ule aliopanda meli. Tunamcheka, lakini kila mmoja wetu anao mwaka wake aliogandia.

Hapa yupo atakayetupinga, na anayo haki. Atasema kwamba kutamani zamani ni ugonjwa wa walioshindwa kuishi leo, na zaidi ya hayo, zamani za nani? Tony na Doug ni wanaume weupe. Wakitua popote huhojiwa, hufungwa, hutoroka, kisha husikilizwa. Mwenzetu Mkongo alilisema hilo waziwazi: "Mimi handaki hilo silitaki. Nikitua hapa hapa Durban mwaka 1960, naombwa pasi kabla sijafuta vumbi."

Kweli tupu. Ile Sheria ya Makundi ya Maeneo ya mwaka 1950 iliukata mji huu vipande kwa rangi ya ngozi. Cato Manor, si mbali na hapa tunapokaa, ilitangazwa kuwa ya Wazungu, na kuanzia mwaka 1958 Waafrika kwa maelfu waliondolewa, wengi wakapelekwa KwaMashu. Wahindi nao walihamishwa.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni cha watu ambao Durban iliwapa jina la Wazanzibari. Mwaka 1873 meli ya kivita ya Uingereza iliwashusha katika bandari hii watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, na kwa kuwa walipitishwa Zanzibar, jina hilo likawaganda. Makundi mengine yakafuata. Walikombolewa utumwani wakaingizwa katika mikataba ya kazi. Baadaye waliishi King's Rest, upande wa Bluff, katika ardhi iliyoshikiliwa na wadhamini wa msikiti wa Juma wa Grey Street. Serikali ya ubaguzi ilipokuja kuwapanga haikujua iwaweke wapi, ikaishia kuwaandika "Waasia wengineo", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, katika kitongoji cha Wahindi.

Watu hao walitupwa na wakati kuliko Tony na Doug, na hapakuwa na maabara iliyokuwa ikiwatazama kwenye kioo. Huko Umakuani hapakuwa na mama aliyejua mwanawe yuko Durban. Hata hivyo waliilinda lugha ya Kimakua, wakaendelea kuizungumza na kuirithisha kwa zaidi ya miaka mia moja, ilhali hapakuwa na serikali wala shule iliyowaunga mkono. Mwaka 2015 wageni waliokimbia mashambulizi waliwekwa katika kambi za mahema, na mojawapo ilikuwa Chatsworth. Tunajiuliza ni wangapi kati ya waliolala kwenye mahema yale walijua kwamba jirani tu na hapo wanaishi wajukuu wa watu waliotoka pwani ya kwao.

Sasa turudi kwenye filamu, kwa sababu kuna kipindi kimoja ambacho kwa maoni yetu ndicho roho ya mfululizo wote. Tony anatua Pearl Harbor mwaka 1941, siku moja kabla ya ndege za Japani kushambulia. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa majini na alipotea katika shambulio hilo, na maisha yake yote Tony hakuwahi kujua kilimpata nini. Anamkuta baba yake akiwa hai. Anamkuta hata yeye mwenyewe akiwa mtoto. Kumwokoa baba hawezi. Lakini kitu kimoja anaondoka nacho, ambacho hakuwa nacho alipokuja: anajua baba yake alikufa vipi.

Hicho ndicho tunachokitamani kwa kweli. Hatutamani kubadilisha. Tunatamani kuuliza. Babu alitoka wapi kabla ya kufika Ujiji? Kwa nini bibi hakurudi Kilwa? Baba alipofungwa miezi ile, alifungwa kwa kosa gani, na kwa nini mama hataki kulitaja? Maswali haya tunayo sote, na wengi wetu tunayaahirisha mpaka siku tunayoona jeneza kwenye simu.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Tony. Yeye ilibidi ajitose katika mtambo ambao haujakamilika. Sisi wenye majibu bado wako hai, angalau baadhi yao, na wanapatikana kwa salio la vocha moja. Tunapiga simu kila wiki, lakini tunazungumzia nini? Fedha zimefika? Dawa zimenunuliwa? Paa limeezekwa? Mambo ya lazima hayo, hatuyadharau. Ila mzee akiondoka, paa litabaki na majibu yatazikwa.

Kuna pia watoto wetu waliozaliwa hapa. Wanazungumza Kiingereza na Kizulu cha shuleni, na Kiswahili wanakielewa nusu nusu. Wale wa King's Rest walikuwa mateka waliokombolewa, wasio na simu wala barua, na bado waliwaachia wajukuu zao lugha. Sisi tuliokuja kwa hiari yetu, wenye simu mbili mbili mfukoni, tutajitetea vipi?

The Time Tunnel ilifutwa kabla mashujaa wake hawajarudi nyumbani. Watazamaji wengi walilalamikia hilo, na sisi mwanzoni tulilalamika pia. Lakini tulipozima televisheni usiku ule wa mwisho, mwenzetu wa mwaka 1998 alitoka kwenye baraza ya ghorofa, akapiga simu Tanga. Ilikuwa karibu saa tano usiku, na huko kwao ni karibu saa sita. Tulimsikia akiamkia, akiomba radhi kwa kumwamsha mama, kisha akasema: "Hapana mama, siumwi. Nilitaka kukuuliza tu, bibi yako mzaa mama aliitwa nani?"

Walizungumza mpaka vocha ikaisha, tukamchangia nyingine.