Muuza rimu kuukuu aseme aibu yake

Wako watu Ulaya na Marekani wanaokesha kwa ajili ya rimu nne tu. Si rimu za gari lolote, bali za gari la fahari la Kitaliano lililokoma kutengenezwa zamani, mathalan Fiat 124 Spider, iliyochorwa kwa Pininfarina, ikatoka mwaka 1966 na kukoma 1985. Msomaji asiwacheke. Hapa kwetu, mtu akiung'oa mlango wa nakshi wa babu yake akatia wa bati, jirani humsema mwezi mzima.

Aghalabu gari hilo lilitoka kiwandani na rimu za chuma. Wenye nacho wakijinunulia kando rimu nyepesi za aloi, kama zile za Cromodora, au za Campagnolo wa Vicenza, ambaye kwanza alijulikana kwa vyombo vya baiskeli. Siku zilipoacha kusubiwa, zilizobaki ndizo hizo hizo: nyingine zimo stoo, nyingine zimegongeshwa mawe ya kando ya barabara, na nyingine zimepakwa rangi mpya ya kufunika yote hayo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wauzaji. Muuzaji hupiga picha uso wa rimu unaong'aa. Nyuma haonyeshi, ilhali nyuma ndiko kwenye habari: jina la kiwanda, upana na inchi zake, na nyufa ambazo uso hauzitoi. Kisha kuna matundu ya bolti. Ya Fiat hiyo ni manne, katika duara la milimita 98. Magari mengi mengine yana 100. Milimita mbili! Jicho halizioni, na mkono wenye nguvu utazilazimisha bolti ziingie. Lakini bolti iliyoingia upande haikai sawasawa, na hulegea gari likiwa mbioni. Zipo bolti maalumu zenye kola inayocheza ili kuziba tofauti hiyo, basi na muuzaji aseme kuwa zinahitajika.

Mbaya zaidi ni za magnesiamu. Ni nyepesi kuliko za alumini, ndiyo maana watu wa mashindano walizipenda, lakini unyevu na chumvi huzila. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufunzwa kazi ya chumvi. Rangi ikifunika, ugonjwa huendelea chini kwa chini. Fundi mwaminifu huivua rimu rangi yote, akaipaka maji mekundu yanayopenya, akayafuta, kisha akatia unga mweupe. Penye ufa, wekundu hurudi juu kama mstari wa kalamu.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona basi hakuyaweka juu watu wayaone. Na katika fiqhi tuliyosoma chuoni, mnunuzi akikuta aibu iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa, ana khiyari ya kurejesha. Rimu yenye ufa uliozibwa kwa rangi ina tofauti gani na chakula kile? Tena ya rimu ni mbaya zaidi, maana juu yake hupanda mtu na watoto wake.

Wapo wanaoona haya kununua nakala mpya, eti si ya asili. Mimi naona nakala iliyosubiwa juzi, yenye jina la aliyeitengeneza na uzito inaoweza kuubeba, haina la kuonewa haya. Ila ile iliyobandikwa jina la kale ili iuzwe bei ya kale, hiyo ni wizi wa mchana kweupe, hata ikiwa imara kama jabali.

Na mwenye rimu za asili zilizopasuka asizitupe, wala asizitie barabarani. Azitundike ukutani. Akitaka kuziuza, aziuze kama pambo, na neno hilo liandikwe kwenye risiti.