Toyota Haifi, Inauawa

Hakuna sifa iliyoyaponza magari yetu kama ile ya kwamba Toyota haifi. Mtu anaagiza IST Japani, analitoa bandarini Dar es Salaam, linafungwa namba, na tangu siku hiyo matunzo yote anaiachia sifa. Baada ya muda linamchemkia kwenye foleni ya Kimara. Anashuka na dumu la maji, anafungua boneti, na lawama zote anamtupia Mjapani.

Namtetea Mjapani. Injini ya lile IST la kwanza ni ya alumini, bloku mpaka silinda hedi. Aliyeiunda aliijazia kulanti, inayozuia kutu, inayochelewesha kuchemka na kuilinda pampu ya maji. Wewe ukaimwaga, ukajaza maji ya kisima. Kisima cha Dar, chenye chumvi! Maji ambayo chai yake hunywi ndiyo unayoyapeleka kwenye injini, halafu unashangaa rejeta imeziba na gasketi imeungua. Na usiniletee habari za hali ngumu. Galoni ya kulanti haifikii bei ya kujaza tangi, na pesa za rimu mpya na spika za kwenye buti zilipatikana.

Lakini dhambi kuu ni themostati. Ni kipuri kidogo, kinakaa kwenye njia ya maji na kufunguka joto likifika nyuzi 80 na kitu. Fundi anakichomoa, anakitupa kwenye vyuma chakavu na kukuambia bila haya: “Bosi, hii ni ya nchi za baridi.” Nawe unaitikia, unalipa na nauli ya kijana wake. Sasa sikia unachokuwa umekinunua. Maji yanaanza kupita kwenye rejeta tangu unapowasha gari. Injini inachelewa kupata joto lake, sensa inaiarifu kompyuta kwamba bado ni baridi, na kompyuta, isiyojua Tanzania wala Norway, inaongeza mafuta. Saa saba mchana, jua la utosi, gari linakunywa wese kama limeegeshwa kwenye theluji. Kijiweni unatangaza kuwa IST siku hizi zinakula mafuta. Hazili, zinalishwa kwa nguvu! Mafundi wanaokataa kuing'oa wapo, na wengi wenu mmewakimbia kwa kuwaona wajuaji.

Wa Nissan msicheke. Nissan Note imepewa jina la gari bovu na watu walioiua wenyewe. Giaboksi yake ni ya CVT, ina mkanda wa chuma unaoshika puli mbili, na mshiko huo unategemea mafuta yake maalumu. Mwagia mafuta ya giaboksi ya kawaida, mkanda unateleza, puli zinalika, na kinachofuata ni kuzunguka Ilala kutafuta giaboksi nyingine iliyotumika, ambayo nayo utaijazia yaleyale.

Kuhusu starehe ndiyo sitaki hata kusema sana. Gari lilikuja likiwa limetulia barabarani, ukaliwekea spesa lipande juu, eti matuta. Sasa ekseli zinafanya kazi zimepinda, buti zake za mpira zinachanika, grisi inaruka nje, na kila shimo unalisikia kwenye kiuno. Shokapu ukanunua za bei ya chini kabisa. Safari ya Morogoro familia inashuka imechoka kama imetembea, na mke wako akilalamika unamwambia gari dogo ndivyo lilivyo.

Siku ikifika unaliuza. Tangazo nalijua kabla sijalisoma: namba D, AC inapuliza, halidaiwi, halina mchubuko, kaa uendeshe. Kilomita umezirudisha nyuma, au ulizikuta zimerudishwa na ukanyamaza. Themostati, kimya. Mafuta ya giaboksi, kimya. Mnunuzi mwenye akili angesubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta na kutumbukiza kidole. Akitoka na tope la kutu badala ya kulanti, aage aondoke. Wengi hawafungui. Wanazunguka gari mara mbili, wanapiga teke tairi, wanawasha redio. Nawe ukiulizwa bei unasema haipungui, maana rimu ni mpya.